Makopo matatu ya kichocheo cha mirija ya kaboni: lipi la kununua, lipi la kurudisha dukani

Seti hii hupatikana Arusha kwa oda, kupitia mawakala wa vifaa vya maabara. Inafika na makopo matatu ya plastiki, gramu 25 kila moja. La kwanza ni chuma asilimia 5 juu ya alumina, yaani oksidi ya alumini. La pili ni kobalti asilimia 5 juu ya alumina hiyohiyo. La tatu ni kobalti na molibdeni juu ya silika, yaani oksidi ya silikoni. Kazi yake ni kuotesha mirija nano ya kaboni, yaani vijibomba vyembamba mno vya kaboni tupu, ndani ya tanuri la bomba, kwa kupitisha gesi yenye kaboni juu ya unga huo.

Tathmini hii ni kwa mwenye tanuri tayari, awe Tengeru, Njiro au Moshi mjini, anayetaka kujua kama hela yake itarudi. Kwa ufupi: kopo la kwanza linafaa. La tatu linafaa kwa mwenye vifaa vya kupimia tu. La pili halifai, na sababu yake inaonekana kwa macho mara kifuniko kinapofunguliwa. Jina la muuzaji limeachwa kwa sababu kasoro hiyo inaweza kukutwa kwa muuzaji yeyote, na ni muhimu zaidi kuijua kasoro kuliko kumjua muuzaji.

Kwanza, kichocheo kinafanya nini hasa. Gesi ya asetilini ikigusa chembe ndogo ya chuma, kobalti au nikeli kwenye nyuzijoto 700 hivi, molekuli inavunjika, hidrojeni inaondoka na kaboni inaingia kwenye chembe. Chembe ikishiba, kaboni inaanza kutoka ikiwa imejipanga duara, na duara hilo ndilo mdomo wa mrija. Metali hizi tatu zinapendwa kwa sababu zinaishika kaboni kwa kiasi. Shaba na dhahabu zinaishika kidogo mno. Titani na tungsteni zinaing'ang'ania na kuigeuza kabaidi, yaani kiwanja cha metali na kaboni. Unene wa mrija hufuata unene wa chembe: chembe za nanometa 1 hadi 2 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita) huotesha mirija ya ukuta mmoja, za nanometa 5 hadi 20 huotesha mirija ya kuta nyingi, na chembe ikishakuwa kubwa sana hufunikwa na ganda la kaboni, ikafa bila kuotesha chochote cha maana.

Kwa hiyo kazi ngumu ya mtengenezaji wa kichocheo ni kuzizuia chembe zisikue. Metali huanza kutambaa juu ya kibebaji chake, yaani unga unaoibeba, mapema sana, ikifika karibu nusu ya kiwango chake cha kuyeyuka kinachohesabiwa kwa kelvini. Chuma huyeyuka kwenye kelvini 1811. Nusu yake ni kama nyuzijoto 632. Kobalti ni kama 611, nikeli 591. Joto la kuoteshea liko juu ya namba zote hizo. Yaani wakati tanuri limefika 700, chembe zote ziko njiani zikitafutana ziungane, na kitu pekee kinachozichelewesha ni kibebaji: alumina, silika, oksidi ya magnesiamu au kalsiamu kabonati. Ndiyo maana neno "chuma asilimia 5" kwenye lebo halimwambii mnunuzi jambo la kutosha. Anatakiwa aambiwe chumvi gani ilitumika, kibebaji kina matundu kiasi gani, unga uliokwa kwa nyuzijoto ngapi na kwa saa ngapi, na chembe zilipimwa zikaonekana na ukubwa gani. Lebo za seti hii zina asilimia ya metali na gesi inayopendekezwa, basi. Kwa bei ya seti hii, hilo ni pungufu kubwa.

Kopo la kwanza: chuma juu ya alumina

Unga wa rangi ya kutu nyepesi, laini, hauna mabonge. Chuma kinakaa vizuri juu ya alumina kuliko juu ya silika, kwa sababu oksidi za chuma na alumina hushikana pale zinapogusana na chembe zinakosa mbio. Mbinu maarufu ya Kenji Hata na wenzake wa Japani, iliyochapishwa mwaka 2004, ilitumia tabaka jembamba la chuma juu ya alumina, ikaongeza mvuke wa maji kidogo sana kwenye gesi, na mirija ikafika urefu wa milimita 2.5 ndani ya dakika 10. Unga wa kopo hauwezi kufanya hivyo, lakini chimbuko la uimara wake ni hilohilo.

Usipime moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Alumina yenye matundu hunywa unyevu hewani. Gramu 1.00 ya kopo hili, ikikaushwa kwa nyuzijoto 120 kwa saa mbili, inabaki gramu 0.94. Asiyekausha anahesabu maji kama kichocheo, kisha anashangaa mavuno yake yanapanda na kushuka kati ya Machi na Julai.

Utaratibu unaoleta matokeo kwa bomba la kwatzi lenye kipenyo cha ndani cha milimita 46 na urefu wa mita 1 ni huu. Tandaza gramu 0.20 kwenye kijisahani cha kauri, tabaka jembamba la urefu wa sentimita 10 hivi, lisiwe kichuguu. Ukirundika, gesi inaotesha juu tu na chini unabaki unga wa kutu kama ulivyouweka. Bomba la ukubwa huo lina ujazo wa karibu lita 1.7, na ili hewa itoke ipasavyo unahitaji kupitisha ujazo huo mara tano. Kwa agoni, gesi isiyoungana na kitu, ya mililita 500 kwa dakika ni kama dakika 17. Usipunguze hapo. Panda nyuzijoto 10 kwa dakika hadi 700. Kama una hidrojeni iliyochanganywa na agoni, ipitishe dakika 20 hadi 30 ili oksidi ya chuma igeuke chuma. Kama huna, asetilini yenyewe itafanya kazi hiyo, ila dakika za mwanzo zitapotea na chembe hazitalingana sana. Kisha fungua asetilini mililita 20 kwa dakika, agoni ikiendelea, kwa dakika 20 hadi 30. Funga asetilini, acha agoni hadi bomba lishuke chini ya nyuzijoto 100. Ukifungua bomba likiwa moto, chuma kipya kilichofunikwa na kaboni kinaweza kuwaka chenyewe kinapokutana na hewa, na kazi ya siku nzima ikawa majivu mekundu.

Unga ukitoka umevimba mara kadhaa, mweusi usiong'aa, mwepesi kama masizi yaliyokandwa kidogo, umefanikiwa. Ukitoka mweusi lakini mgumu, umeshikamana kama ukoko wa ugali chini ya sufuria, ujue kaboni isiyo na mpangilio imefunika chembe: asetilini ilikuwa nyingi au joto lilizidi. Mafuta ya rangi ya kahawia mwishoni mwa bomba yanasema gesi inavunjika yenyewe njiani kabla ya kugusa kichocheo. Utando unaong'aa kama fedha kwenye ukuta wa kwatzi unasema jambo hilohilo kwa sauti kubwa zaidi. Shuka hadi 680 au punguza asetilini hadi mililita 10.

Udhaifu wa kopo hili ni usafishaji. Alumina haiyeyuki kwa asidi nyepesi. Ili kuiondoa unahitaji soda kali ya moto au asidi ya haidrofluoriki, na hiyo ya pili isiingie kwenye maabara isiyo na mafunzo na dawa yake mkononi. Kama mirija inakwenda kuchanganywa kwenye plastiki, mpira au saruji, alumina iache humo, haidhuru. Kama inakwenda kwenye elektrodi au chujio la maji, tafuta kibebaji kingine.

Kopo la pili: la bluu

Fungua kopo la pili na utaona unga wa bluu mzuri, kama rangi ya kuchorea vyungu. Hapo ndipo pa kusimama. Kobalti iliyolowekwa juu ya alumina na kuokwa kwa kiasi huwa oksidi nyeusi. Rangi ya bluu ni ya kobalti alumineti, na alumineti huzaliwa pale unga unapookwa kwenye joto kubwa mno: kobalti inazama ndani ya fuwele za alumina na kukaa humo. Kobalti hiyo haitoki kirahisi. Kuiondolea oksijeni kunahitaji joto la karibu nyuzijoto 900, na hata ukifika huko, alumina yenyewe imeanza kupoteza matundu. Kwenye 700 unga huu unapita dakika 30 za asetilini na kutoka ukiwa bluu iliyochafuka kijivu. Mizani inaonyesha ongezeko dogo, na ongezeko lenyewe ni masizi ya kawaida.

Lebo inasema "kobalti asilimia 5", na kipimo cha kemia kitakubali: kobalti imo, yote. Haifanyi kazi tu. Mwanafunzi anayeanza anaweza kumaliza muhula akilaumu tanuri, gesi na mikono yake mwenyewe, kumbe kosa lilitendeka kwenye oveni ya kiwandani kabla kopo halijafungwa. Hili linaudhi kwa sababu ni kosa linaloonekana kwa jicho tupu na mtu yeyote anayejua kazi angelikamata kabla ya kufunga. Likikufikia kopo la namna hii, lipige picha kwenye mwanga wa jua, andika namba ya toleo, lirudishe.

Kopo la tatu: kobalti na molibdeni

Huu ni unga wa watu wenye hadubini na spektromita ya Raman, kifaa kinachosoma mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli. Mchanganyiko wa kobalti moja kwa molibdeni tatu juu ya silika unajulikana tangu kazi ya Daniel Resasco na wenzake, Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani. Ubuni wake ni wa kupendeza. Molibdeni inaishika kobalti katika umbo la molibdeti, kobalti haiwezi kutembea. Monoksidi ya kaboni inapoingia, molibdeni inageuka kabaidi na kuiachia kobalti kidogo kidogo katika vichembe vidogo sana, na mrija unaanza kuota kabla vichembe havijapata muda wa kuungana. Nusu ya kiwango cha kuyeyuka cha molibdeni ni kama nyuzijoto 1175, kwa hiyo yenyewe haiendi popote.

Unga wenyewe ni mzuri. Kosa liko kwenye lebo, inayopendekeza asetilini kwenye 700, sawasawa na kopo la kwanza. Asetilini ni kali mno kwa vichembe vya nanometa 1. Inavizika kabla havijaotesha. Kichocheo hiki kilibuniwa kwa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua, ambayo haifai kuguswa bila kengele ya gesi, kabati la moshi linalovuta kweli na mtu wa pili ndani ya jengo. Njia salama zaidi ni mvuke wa ethanoli kwenye nyuzijoto 800 hadi 850 pamoja na pampu ya kushusha shinikizo. Mbinu ya pombe ilionyeshwa na Shigeo Maruyama na wenzake, Tokyo, mwaka 2002, wao wakitumia chuma na kobalti juu ya zeolaiti.

Mavuno yake ni machache na unga haubadiliki sana kwa macho, unakuwa kijivu cheusi tu. Bila Raman huwezi kujua umeotesha nini. Mirija ya ukuta mmoja hujionyesha kwa vilele vidogo kati ya 100 na 300 kwa sentimita. Gawanya 248 kwa namba ya kilele upate kipenyo kwa nanometa, hivyo kilele cha 200 ni mrija wa nanometa 1.24. Asiye na njia ya kupima hivyo asinunue seti kwa ajili ya kopo hili.

Badala ya kopo la pili: tengeneza mwenyewe

Kwa kuwa kopo la pili ni hela iliyopotea, pengo lake lizibwe kwa mchanganyiko wa chuma na kobalti juu ya kalsiamu kabonati. Faida yake kubwa ni kwamba kibebaji huyeyuka kwa asidi nyepesi ya naitriki au haidrokloriki, kwa hiyo mirija inasafishika bila mateso. Kwa gramu 10 za kichocheo chenye asilimia 2.5 ya kila metali unahitaji gramu 9.50 za kalsiamu kabonati, gramu 1.81 za naitreti ya chuma yenye maji tisa na gramu 1.23 za naitreti ya kobalti yenye maji sita.

Hapo kwenye naitreti ya chuma ndipo wengi wanapoteleza. Chumvi hii hunywa maji ya hewani hadi inakuwa uji wa kahawia ndani ya chupa yake. Ukipima uji huo, gramu 1.81 si gramu 1.81 tena. Ipime hivi: weka gramu 2.00 kwenye kijungu cha kauri kilichopimwa, pandisha polepole hadi nyuzijoto 500 ndani ya kabati la moshi, maana itatoa moshi wa kahawia wa naitrojeni dioksidi unaochoma mapafu, acha saa mbili, ipoe, pima. Chumvi nzuri inaacha gramu 0.395 za oksidi nyekundu. Ikiacha 0.350, gawanya 0.395 kwa 0.350 upate 1.13, kisha zidisha kipimo chako kwa namba hiyo. Kipimo kinachukua nusu siku na kinaokoa mwezi.

Yeyusha chumvi zote mbili kwenye maji machache, mimina kidogo kidogo juu ya kabonati iliyokwisha kulowekwa huku ukikoroga. Naitreti hizi zina asidi na kabonati itatoa povu, ikijila yenyewe. Dondoshea amonia nyepesi ili pH ikae karibu na 7. Povu likitulia uko sawa. Kausha usiku kucha kwa nyuzijoto 120, saga kwenye kinu cha kauri, chekecha. Otesha kwa asetilini kwenye nyuzijoto 720.

Hesabu ya mavuno hapa ina mtego. Kwenye joto hilo, agoni ikipita, kalsiamu kabonati inavunjika na kuwa chokaa, ikipoteza hadi asilimia 44 ya uzito wake. Chukua mfano wa gramu 0.200 za kichocheo zinazotoka gramu 0.316. Kwa haraka utasema kaboni ni gramu 0.116, mavuno asilimia 58. Lakini kichocheo kilekile kikipitishwa na agoni tu, bila asetilini, kinabaki gramu 0.116. Kaboni basi ni gramu 0.200, na mavuno kwa kichocheo kilichobaki ni asilimia 172. Kila aina ya kichocheo ipitishwe kavu namna hiyo mara moja, hata ya makopo.

Kibebaji kiwe cha maabara. Chokaa ya kupaka kuta si kabonati, ni haidroksaidi, na ina uchafu wa kila namna. Chaki za darasani ndizo mbaya zaidi: nyingi ni jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, na salfa ni sumu kwa chuma na kobalti. Kwa sababu hiyohiyo usibadilishe naitreti kwa salfeti ati ni rahisi kupata. Kloraidi nazo zinaacha klorini inayoharakisha chembe kuungana.

Mambo ya Arusha na Moshi

Maji kwanza. Maji ya mabomba na visima vingi vinavyotoka miteremko ya Meru yana floraidi nyingi pamoja na sodiamu na bikabonati. Floraidi ni miongoni mwa uchafu unaolengwa na chujio la Askwar Hilonga, wa taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Kwenye kichocheo, bikabonati inagandisha chuma kabla hakijaingia kwenye matundu, na sodiamu inabaki juu ya kibebaji. Tumia maji yaliyotoneshwa. Ukilazimika kununua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, soma chupa mara mbili: yapo ya kuongezea, ambayo ni maji matupu, na yapo yenye asidi ya salfuriki.

Gesi. Asetilini ya mafundi wa kuchomelea, kama ile inayotumika gereji za mtaa wa Unga Limited, imeyeyushwa ndani ya asetoni. Mtungi ukiwa umejaa na umesimama wima, asetoni inayotoka ni kidogo. Ukiwa karibu kuisha inazidi, na mavuno yanabadilika bila wewe kugusa kitu. Badilisha mtungi mapema, usingoje ukauke, na pitisha gesi kwenye chupa yenye mkaa amilifu. Usipandishe regyuleta juu ya bar 1, na usiunganishe kwa mabomba ya shaba: asetilini na shaba hutengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Gesi ya kupikia nayo inaotesha mirija, ila ile harufu yake imewekwa makusudi kwa kemikali yenye salfa. Bila kuichuja, kopo zima la chuma litaonekana bovu wakati kosa ni la mtungi.

Mwinuko. Arusha iko kwenye mita kama 1,400, shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 86 badala ya 101. Moshi ni kama 91 hadi 92. Kwa mitungi hilo halisumbui sana, lakini kwa anayepuliza agoni ndani ya chupa ya ethanoli bila pampu, linasumbua. Mvuke wa ethanoli kwenye nyuzijoto 20 una kilopaskali 5.9. Pwani hiyo ni asilimia 5.8 ya gesi yote, Arusha ni 6.9. Asubuhi ya Julai chupa ikiwa kwenye 15, mvuke unashuka hadi kama kilopaskali 4.3, mchana wa Februari kwenye 25 unapanda hadi 7.9. Karibu mara mbili, kwa mpangilio uleule wa vali. Weka chupa kwenye beseni la maji lenye kipimajoto.

Rotamita, yaani vipima mtiririko wa gesi, nyingi zimechorwa kwa hewa. Ikisoma 500 huku agoni ikipita, kinachopita kweli ni kama 425. Hakikisha kwa bureti na povu la sabuni: hesabu sekunde ambazo povu linapanda mililita 50. Hakuna kifaa cha bei rahisi kinachosema ukweli kuliko hicho.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, asetilini lazima ijifunge yenyewe na agoni lazima iendelee. Vali ya umeme ya asetilini iwe ile inayofunga ikikosa umeme, na agoni isipitie vali ya umeme hata kidogo. Mpangilio wa kinyume, agoni ikisimama na asetilini ikiendelea ndani ya bomba la nyuzijoto 700, ni hatari ya kweli.

Unga ukishatoka, usifagie. Futa meza kwa kitambaa chenye maji, vaa barakoa ya chembe ndogo, si ya kitambaa, na glovu mbili ukishika kobalti. Mabaki yaende kwenye chombo kilichofungwa na kuandikwa.

Uamuzi wa kununua

Makopo hayauzwi moja moja kwa sasa, na hapo ndipo bei inapokuwa kubwa: unalipia matatu upate moja la kutumia kila siku. Kwa maabara inayofundisha, yenye wanafunzi wengi na muda mfupi, kopo la kwanza linastahili, kwa sababu linaotesha mara ya kwanza na linatoa matokeo yanayofanana wiki hadi wiki likihifadhiwa kavu. Kwa mtafiti mwenye kinu, mizani ya tarakimu nne na oveni, chumvi na kabonati zitamfikisha mbali zaidi kwa fedha hiyohiyo. Aagize mapema, maana uingizaji wa kemikali unasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na makaratasi yana safari yake.

Kabla ya kulipa, mwombe wakala maandishi ya mambo manne: chumvi iliyotumika, ujazo wa matundu ya kibebaji, joto na saa za kuoka, na picha ya hadubini yenye kipimo cha nanometa. Kisha mwombe akupigie picha ya makopo yakiwa wazi. Kopo la kobalti juu ya alumina likiwa jeusi, agiza. Likiwa bluu, mwambie alitoe kwenye seti na apunguze bei.